Ufashisti na Sahani ya Wali

Mwezi huu tusome neno gumu. Lisome polepole: u-fa-shi-sti. Neno hili limetoka mbali, nchi ya Italia. Lakini madhara yake yalifika mpaka kwenye vyungu vya Unguja.

Ufashisti ni nini? Ni utawala wa mabavu. Mtawala ni mmoja, naye haulizwi. Vyama vingine hupigwa marufuku. Magazeti huzibwa mdomo. Wafanyakazi hawaruhusiwi kugoma. Tena watu huambiwa kwamba taifa lao ni bora, kwa hiyo wana haki ya kuwatawala wengine.

Benito Mussolini alishika serikali ya Italia mwaka 1922. Alama ya chama chake ilikuwa tita la fimbo lililofungwa pamoja na shoka. Ukilitazama tita hilo utadhani ni umoja. Lakini kamba iliyolifunga ilikuwa hofu.

Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia. Ndege zake zilimwaga sumu juu ya askari, wakulima na mifugo. Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya mataifa huko Geneva, akaomba msaada. Hakusaidiwa.

Je, Waethiopia walikata tamaa? La. Wazalendo walipigana milimani na vichakani kwa miaka mitano. Wanawake nao walipeleka habari, chakula na silaha.

Mwezi wa Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Hitler wa Ujerumani. Hapo ndipo Waingereza walipopeleka majeshi. Ndani yake walikuwamo askari wa KAR, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Wao na wazalendo wa Ethiopia waliwashinda Waitalia. Tarehe 5 Mei 1941 Mfalme alirudi Addis Ababa.

Sasa turudi kwetu. Japani ilikuwa upande mmoja na Hitler na Mussolini. Mwezi wa Machi 1942 jeshi lake liliteka Rangoon, mji mkuu wa Burma. Wakati ule mchele mwingi uliopikwa Unguja ulitoka Burma kwa meli. Mchele ukakatika. Wakulima wakahimizwa kulima zaidi muhogo, mtama na mpunga. Hivyo jembe nalo liliingia katika vita vile.

Lakini hapa pana jambo la kufikiri. Chakula kilipopungua, serikali ya kikoloni ilikigawa kwa mizani ya kabila. Waliohesabiwa kuwa Waarabu au Wahindi walipewa mchele. Waliohesabiwa kuwa Waafrika walipewa unga wa mahindi. Vijana wa Afrika walikuwa wakifa kwa kupigana na watu waliosema binadamu si sawa. Nyumbani, sahani ilikuwa ikisema maneno yale yale.

Watu waliliona hilo. Vita vilikwisha mwaka 1945. Mwaka 1948 wachukuzi wa bandari ya Unguja waligoma wakidai ujira wa haki, na mgomo ukaenea mjini. Aliyekwisha kusikia kwamba vita vilipiganwa kwa ajili ya uhuru hakubali tena kunyamazishwa.

Ndugu msomaji, kupinga ufashisti si kazi ya askari tu. Mbegu au mbolea ikifika katika shehia, tuulize: inagawiwa kwa haki, au kwa kutazama asili ya mtu, jamaa zake na chama chake? Mwenzetu akisimama mkutanoni kuuliza hesabu, tumsikilize. Tusimwite adui. Mkulima anayemnyamazia jirani yake aonewe leo, kesho hatakuwa na wa kumsemea.

Na wewe uliyejifunza kusoma sasa, una silaha nzuri. Soma orodha ya mgao kabla hujatia sahihi. Usitie dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa.

Someni ukurasa huu pamoja, kisha mjadiliane:

1. Kwa nini vita vya mbali vilipunguza wali Unguja?
2. Kuna tofauti gani kati ya umoja wa hiari na umoja wa hofu?
3. Katika shehia yenu, nani husoma orodha ya mgao mbele ya watu wote?

Ni mimi Bwana Shamba wenu.