Filamu Si Ukale

Wenzangu husema mpigapicha anayetumia filamu hadi leo ana maringo tu. Napinga. Mkanda wa kawaida una picha 36. Humlazimu atazame kwanza, ndipo abonyeze. Zaidi ya hayo, hubaki na negativu mkononi. Mwaka 2019, Makumbusho ya Uganda hapa Kampala yalionyesha picha za enzi za Idi Amin, zilizotolewa kwenye negativu zilizokaa miaka mingi kabatini katika shirika la utangazaji la taifa. Hazikuhitaji chaji wala nywila. Mtasema picha za simu huhifadhiwa mtandaoni. Sawa, kwa anayelipia na kukumbuka nywila yake. Sisi wengine, simu ikiibwa, zote zimekwenda. Wajukuu wakituuliza tuliishije, tutawaonyesha nini?