Nani Atajua?

Mjinga akikosea husamehewa, kwa kuwa hakujua. Lakini mtu ajuaye wazi kwamba anakosea, kisha akajiliwaza kwa kuuliza, "Nani atajua?", huyo simsamehe, na maneno haya nayaandika kinyume chake.

Mambo yenyewe ni haya. Katika kata ya Katubuka, manispaa ya Kigoma-Ujiji, yuko fundi cherehani, mtu mzima wa heshima zake. Mwaka huu alijiwa na wajumbe wa kamati moja inayoandaa karamu ya dansi, ambayo kila mwalikwa ametakiwa aje amevaa mavazi ya mwaka 1871, mwaka Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji. Kijana mmoja amechaguliwa awe Livingstone. Na kwa kuwa Livingstone alikuwa Mskoti, kamati ikaamua kwamba avae kilti, ile nguo ya marinda wavaayo wanaume wa Uskoti. Wajumbe wakamletea fundi yadi mbili za kitambaa chekundu cha miraba, kile kiuzwacho sokoni kwa jina la shuka ya Kimasai, pamoja na kipande cha lastiki cha kutia kiunoni. Fundi akawaambia kuwa hakitoshi. Wakamjibu, "Mzee, wewe shona tu. Nani atajua?"

Kesho yake alinijia nyumbani, kitambaa kikiwa kwapani.

"Mwalimu," aliniambia, "yadi mbili hizi zatosha sketi ya binti wa shule. Nguo ile nimeiona katika picha. Marinda yale hayatoki humu."

Alisema kweli, na hesabu yamshuhudia. Kilti ya siku hizi mbele haina marinda: kuna mapande mawili mapana yanayopishana, moja juu ya jingine. Marinda yote yako nyuma. Rinda moja likimeza inchi 6 za kitambaa na kuonyesha inchi 1 tu, basi mtu mwenye nyonga za inchi 40 ahitaji marinda 20 kwa nusu ya nyuma, nayo yatameza inchi 120. Mapande mawili ya mbele, kila moja inchi 20, yataongeza inchi 40. Jumla ni inchi 160, karibu yadi 4 na nusu, wala sijataja upindo. Kila rinda sharti likunjwe kwa kufuata miraba ya kitambaa, ili michoro ilingane nyuma. Kisha lishonwe toka kiunoni hata nyongani, likipunguzwa kidogo kidogo, na kutoka hapo liachwe huru lipigwe pasi. Lastiki haina mahali katika kazi hiyo.

Hata hivyo ugomvi wangu na kamati haukuanzia kwenye yadi. Stanley mwenyewe ameandika, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1872, jinsi alivyomwona mzee yule: kofia ya buluu yenye utepe wa dhahabu uliochujuka, kizibao chenye mikono myekundu, na suruali ya sufu ya kijivu. Suruali! Basi kijana wao, hata akishonewa yadi 8 na fundi bora wa Edinburgh, hatakuwa Livingstone wa Ujiji. Livingstone alizaliwa Blantyre mwaka 1813, katika nyanda za chini karibu na Glasgow, na akiwa na umri wa miaka 10 alikwisha kuingia katika kiwanda cha pamba kuunga nyuzi zilizokatika. Huyo alijua kitambaa kuliko kamati nzima. Aliyestahili kilti katika ukoo wake ni baba wa babu yake, ambaye Livingstone aliandika kwamba alianguka katika vita vya Culloden, mwaka 1746. Baada ya vita hivyo Bunge la Uingereza likapiga marufuku mavazi ya watu wa milimani, isipokuwa kwa askari wa mfalme: kosa la kwanza kifungo cha miezi 6, kosa la pili kupelekwa ng'ambo miaka 7. Sheria hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1782. Nguo ambayo watu walifungwa kwa ajili yake, sisi twataka kuigiza kwa lastiki.

Nasikia msomi mmoja akinipinga. Atasema kwamba kilti yenyewe ni jambo la kubuniwa. Kwamba Hugh Trevor-Roper aliandika mwaka 1983 kuwa kilti fupi ilitungwa na Mwingereza mwenye tanuri za chuma katika karne ya 18, na kwamba miraba ya koo ilipangwa baadaye sana, hasa baada ya mfalme George wa Nne kuzuru Edinburgh mwaka 1822. Makala hayo yamo katika kitabu ambacho mmoja wa wahariri wake alikuwa Terence Ranger, aliyefundisha historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Nayajua, na wako wanaoyabishia. Lakini hoja hiyo yanisaidia mimi. Twajua kilichobuniwa, na lini, kwa sababu walikuwako watu waliouliza. Kama wote wangalisema "Nani atajua?", msomi wangu angalikosa cha kunipingia.

Wako pia wasemao kuwa ni aibu mwanamume kuvaa sketi. Hao sitawapa nafasi kubwa. Baba zao walivaa shuka, kikoi, saruni na kanzu, na hapana aliyewacheka. Hata neno suruali limetujia kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi.

Sasa nitasema jambo ambalo kamati, ingaliuliza, ingalifurahi kulisikia. Ziwa hili limepata kumwona mwanamume wa Kizungu mwenye sketi, na si hadithi ya kubuni. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini kwa reli, kwa kukokotwa porini na kwa mito, mpaka upande wa Kongo wa Tanganyika karibu na Kalemie. Mkubwa wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa akivaa sketi ya kaki aliyoshonewa na mkewe. Tarehe 26 Desemba 1915 aliiteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Watu wa pwani ile walimtazama sawasawa, wakampa jina linalosimuliwa vitabuni hata leo: Bwana Chifunga Tumbo. Hebu lisome jina hilo tena. Wavuvi na wapagazi waliona nguo, wakaona inapofungwa, wakaitaja kwa neno moja. Ndio babu za watu hawa ambao kamati yadhani hawatajua.

Na wacheza beni je? Ngoma hiyo ilianza mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikafuata askari na wafanyakazi kuingia bara hata ikavuka mpaka wa Kongo. Mombasa lilikuwako kundi lililoitwa Skochi, lililojivika kwa mfano wa askari wa Kiskoti. Wengine huwadharau wachezaji hao kuwa ni waigaji wa Wazungu. Mimi nawaheshimu. Walikuwa na vyeo, gwaride na sare, na mpinzani wao alisimama upande wa pili wa uwanja, amewakodolea macho, akingoja kifungo kimoja kikosewe ili usiku ule ule wimbo utungwe. Hapo hapana aliyeweza kuuliza nani atajua.

Nimeiandikia kamati. Nimewaambia kwamba kama karamu ni ya mwaka 1871, wamshonee kijana suruali ya kijivu na kizibao, na mikono yake iwe myekundu. Kazi hiyo yataka pesa kidogo kuliko kilti. Kama wamekwisha kuipenda sketi, waibadili tarehe iwe 1915, wanunue kaki, nayo haina miraba ya kulinganisha. Na kama hawataki kabisa kuiacha miraba, basi waende nyuma hata 1745, wakati nguo ile ilikuwa shuka ndefu tu, yadi 4 au 5, mtu akaikunja marinda kwa mkono, akaifunga kwa mkanda, na salio akalitupa begani. Hiyo haihitaji cherehani, ila kijana itambidi ajifunze kuifunga, na asicheze dansi kwa pupa.

Mwenyekiti amejibu kwamba muda ni mfupi na kadi za mwaliko zimekwisha chapwa. Zile yadi mbili na lastiki yake nimezirudisha mimi mwenyewe, kwa kuwa fundi aliona haya kuzirudisha. Amesema suruali ataishona kwa siku mbili, na kizibao kwa siku tatu, endapo watamletea kitambaa kabla ya Ijumaa.