Elimu ya Lishe Si Kujifunza Kupika

Kila yatangazwapo matokeo ya kidato cha nne, wazazi huja katika ofisi ya msikiti wetu hapa Mwanza, baadhi kutaka ushauri, wengine msaada wa ada. Binti akitaja uuguzi au ualimu, wazee hutabasamu. Akitaja chuo cha chakula na lishe, huulizwa: "Kupika si utafundishwa na mama yako?" Swali hilo tumelisikia hata vinywani mwa wajumbe wa kamati, nasi leo tunapenda kulijibu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na wanawake 42 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Ni kweli kwamba minofu ya sangara husafirishwa ng'ambo na mitaani kwetu yakabaki mapanki. Lakini dagaa, ambao huliwa wazima pamoja na mifupa yao, wamejaa pale Mwaloni Kirumba. Pamoja na neema hiyo, nyumba nyingi humpa mtoto uji mwepesi wa udaga mtupu, na mboga yenye nguvu huwekewa watu wazima. Umaskini una sehemu yake, lakini ujinga nao una yake.

Hapo ndipo elimu hii inapohitajika. Mwanafunzi wa lishe hujifunza kwa nini chai inywewayo pamoja na chakula huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na kwa nini ndimu husaidia. Hujifunza kwamba viazi lishe vya rangi ya chungwa vina vitamini A ambayo michembe ya viazi vyeupe haina, na kwamba dagaa walioanikwa juu ya vichanja ni salama kuliko walioanikwa mchangani. Hufundishwa pia kupima mkono wa mtoto na kuzungumza na mama yake bila kumfedhehesha. Haya hayarithiwi jikoni.

Wataalamu husisitiza siku 1,000 za mwanzo: miezi tisa ya mimba na miaka miwili baada ya kuzaliwa. Muislamu hawezi kulisikia hilo asikumbuke Surat al-Baqara, aya ya 233, itajayo miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na ikamwekea baba wajibu wa kumlisha na kumvisha mama huyo kwa wema. Basi lishe ni jukumu la baba pia, na masomo yake yanawafaa vijana wa kiume kama mabinti.

Wala fani hii si ngeni nchini. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hutoa shahada ya lishe. Na halmashauri zetu huajiri maafisa lishe. Anayeanzia chuo kidogo kwa cheti aweza kupanda hadi stashahada na kuendelea.

Hata hivyo, ndugu wazazi, msilipe ada kwa kuvutiwa na bango. Hakikisheni kwanza chuo kimesajiliwa na NACTVET, na kozi yenyewe imeidhinishwa. Ulizeni kama kina maabara na jiko la mafunzo, wanafunzi hufanya mazoezi katika hospitali au kituo gani, na mabinti hulala wapi.

Kwa kamati za misikiti, rai yetu ni moja: mfuko wa elimu umhesabu mwombaji wa lishe sawa na mwombaji wa uuguzi. Mtoto akishadumaa, ni vigumu mno kukirudisha alichokipoteza, na wanaozaliwa wiki hii hawawezi kusubiri tumalize kubishana.

Allah atujaalie riziki ya halali iliyo njema, na elimu ya kuitumia. Amin.