Mgeni Kaazima, Mwenyeji Anyimwe?

Wako wasemao kwamba maonyesho ya kuwaelimisha wageni ufukweni mwa Ziwa Kivu, huko Gisenyi, yatumie Kiingereza na Kifaransa tu, ati Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Twakataa! Kaboni dayoksaidi ifukayo ardhini kaskazini mwa ziwa hilo hutuama mabondeni, ikaua watu na wanyama. Wataalamu wa volkano duniani huiita mazuku, neno walilolikuta katika Kiswahili cha Goma, ng'ambo ya mpaka. Rwanda nayo ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Basi kibao kionyacho juu ya hewa iuayo kiandikwe Kinyarwanda na Kiswahili kwanza, kimfae mvuvi, mchuuzi na mtoto wa shule. Walimu wenzetu, maandishi hayo tuyatunge sisi.