Kamabeka Yahitaji Kalamu, Si Kombe Pekee

Kila mwaka walimu wa muziki wa hapa Bungoma huwanoa wanafunzi wao kucheza kamabeka kwa ajili ya tamasha za muziki, mashindano yaliyoanzishwa nchini mwaka wa 1927. Mabega hutetemeshwa, litungu hulia, kombe hutwaliwa, kisha njuga hufungiwa ghalani hadi mwaka ujao. Naona huo ni upotevu, na ili kueleza sababu yangu, nawaomba wasomaji wanifuate hadi Poland.

Huko ndiko alikozaliwa Chopin mwaka wa 1810. Nchi yake ilikuwa imegawanywa na Urusi, Prussia na Austria kufikia 1795, na haikupata tena uhuru wake kamili hadi 1918. Aliondoka Warsaw mwezi wa Novemba 1830, majuma machache kabla ya uasi dhidi ya Warusi, wala hakurudi tena hadi alipofia Paris mwaka wa 1849. (Wapolandi si wageni kabisa kwetu: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia maelfu ya wakimbizi wao walipewa makao Tengeru, karibu na Arusha, na Masindi, Uganda.)

Katika maisha yake Chopin alitunga mazurka zaidi ya 50 za piano, nyingi zikiwa za dakika chache tu. Mazurka ni ngoma ya vijijini yenye mapigo matatu, ambayo mkazo wake aghalabu huangukia pigo la pili au la tatu. Kwa kawaida hakunakili nyimbo za wanakijiji. Alichukua mwendo wao na namna yao ya kupandisha sauti. Katika Opus 56, Na. 2, mkono wa kushoto huanza kwa kushikilia sauti mbili bila kubadilika, mithili ya zumari ya mfuko ya kijijini.

Mpiga piano Charles Hallé alimwambia Chopin kwamba katika uchezaji wake alisikia mapigo manne wala si matatu. Chopin alikana. Hallé akahesabu kwa sauti mwenziwe akicheza, na hesabu ikatimia nne! Chopin akacheka, akaeleza kwamba hiyo ndiyo tabia ya ngoma ya kwao.

Kisa hicho chawahusu walimu wetu moja kwa moja. Wapo wasemao kwamba kamabeka haiandikiki, kwa kuwa mabega hayana noti. Mazurka nayo haikuandikika yote, lakini kile kidogo kilichoandikwa kimeweza kufika mikononi mwa watoto wasiopata kuiona Poland asilani. Wengine watasema piano ni chombo cha kigeni. Kwaya ya sauti nne nayo je? Arthur Kemoli alizitengenezea kwaya nyimbo za Waluhya, na hakuna aliyelalamika kwamba zimeacha kuwa zetu. Kungoja nako ni hatari: mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya jirani zetu Waisukha na Waidakho katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura.

Shule nyingi hazina piano, nakubali. Kinanda kidogo cha umeme au hata filimbi yatosha kuanzia. Mwanafunzi na aketi na mpiga litungu, aandike miondoko minane, kisha ampe mwenzake ambaye hakuwapo aicheze. Pale mapigo yatakapokataa, wote wawili wasimame wacheze kwa mabega, ndipo waisahihishe karatasi. Nyimbo za tohara ziachwe kando mpaka wazee waseme ni zipi zinazoruhusiwa darasani. Na mpiga litungu huyo alipwe ada kama mwalimu mwingine yeyote. Chai na nauli hazitoshi.