Ng'ombe Haelemewi na Nunduye: Haki ya Mfugaji Mdogo katika Mbegu Anayouziwa

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mjane wa kijiji cha milimani alikopeshwa mtamba kwa utaratibu tuuitao kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Mtamba yule alikuwa chotara: mama yake zebu wa kienyeji mwenye nundu, baba yake Friesian. Alipozaa alitoa lita nane kwa siku, na kwa maziwa hayo watoto wawili walilipiwa ada ya shule. Ndama jike wa kwanza alirejeshwa akakopeshwa jirani, kama yalivyokuwa makubaliano. Ndama jike wa pili, ambaye naye alikuwa mzao wa Friesian, alipokua alipandishwa tena kwa mbegu ya Friesian. Hakuna aliyemweleza yule mama fahali ni nani, binti zake walikamuliwa wapi, wala walilishwa nini. Kila kizazi kilikuwa kikubwa zaidi kwa umbo na chenye njaa zaidi, na maziwa hayakuongezeka. Mjukuu wa yule mtamba wa kwanza alikufa kwa ndigana kali kabla hajazaa. Wakaguzi walipokuja waliandika neno moja tu katika daftari lao: uzembe.

Makala haya yanalipinga neno lile. Yule mama hakuwa mzembe. Alikabidhiwa mali ambayo hakuelezwa ilivyo, kisha akahukumiwa kwa kutoijua. Dhuluma ya namna hii haipigi kelele, wala haimwagi damu barabarani. Hata hivyo huacha mtungi mkavu na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Ndiyo maana yatupasa kuijadili.

Urithi ni nini, nao una nguvu kiasi gani?

Ng'ombe ana jozi 30 za kromosomu, ambazo ndizo zibebazo jeni, yaani maagizo ya urithi. Ndama hupokea nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Maagizo hayo hayafanani kwa ng'ombe wote. Hutofautiana baina ya koo na koo, na hata baina ya ndugu wa tumbo moja. Kwa sababu hiyo ng'ombe wawili waliolishwa nyasi zile zile katika zizi lile lile hawajazi ndoo sawasawa.

Hata hivyo wataalamu waliopima jambo hili kwa miaka mingi wanakubaliana kwamba, katika ng'ombe wa maziwa wa kundi moja, urithi hueleza takriban robo hadi theluthi tu ya tofauti ya wingi wa maziwa. Sehemu kubwa iliyobaki hutokana na malisho, maji, joto, magonjwa na matunzo. Basi anayemwambia mkulima kwamba mbegu peke yake itamtoa katika umaskini amemficha zaidi ya nusu ya habari. Fahali aliyesifiwa kwa maelfu ya lita alisifiwa kwa binti waliokula nafaka, mashudu na majani yaliyohifadhiwa, wakanywa maji kila walipotaka. Sifa ile haisafiri ndani ya mrija wa mbegu pamoja na gunia la chakula.

Maziwa machache, tena mazito

Kwa muda mrefu tumefundishwa kumdharau zebu. Ni kweli kwamba maziwa yake ni machache; wengi hutoa lita moja au mbili tu baada ya ndama kunyonya. Lakini sayansi yenyewe imetufundisha kutazama ndani ya ndoo. Mwaka 2002 watafiti waliokuwa Liège, Ubelgiji, walitangaza kwamba jeni moja iitwayo DGAT1, iliyo katika kromosomu ya 14, ina maumbile mawili yenye athari kubwa katika maziwa. Umbile moja huongeza mafuta. La pili huongeza wingi wa maziwa na kupunguza mafuta hayo. Tofauti yenyewe ni ya tofali moja tu katika ujenzi wa protini. Ilipochunguzwa katika koo mbalimbali duniani, ng'ombe wenye nundu walionekana karibu wote kubeba umbile lile la mafuta mengi.

Je, jambo hili lahusu nini haki? Lahusu bei. Mnunuzi anayepima lita peke yake humlipa mwenye maziwa mepesi sawasawa na mwenye maziwa mazito. Bibi anayesukasuka kibuyu ili apate siagi alijua siku zote kwamba maziwa ya zebu yana kitu. Soko ndilo lililokataa kuliona jambo hilo, kwa kuwa kipimo chake hakikutengenezwa kwa ajili yake.

Funzo la fahali mmoja

Mwaka 1962 alizaliwa huko Marekani fahali wa Holstein aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Alikuwa na urithi bora wa maziwa, na kwa njia ya uhimilishaji alipata binti wapatao 16,000. Damu yake ilienea dunia nzima. Lakini alibeba pia kasoro iliyojificha, katika jeni iitwayo APAF1. Ndama aliyeirithi kutoka upande mmoja hakudhurika. Aliyeirithi kutoka pande zote mbili alikufa tumboni. Kwa kuwa wazao wa Chief waliendelea kupandishwa wao kwa wao, makisio ni kwamba mimba zaidi ya 500,000 ziliharibika duniani kote, na hasara kufikia takriban dola milioni 420 za Marekani.

Haki yatutaka tuseme ukweli wote: faida ya maziwa aliyoileta fahali huyo ilizidi hasara hiyo mara nyingi. Simulizi hii haiwalaani waliomtumia. Ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kutegemea ukoo mwembamba ni hatari hata kwa matajiri. La pili ndilo zito kwetu. Kasoro ile iligunduliwa mwaka 2011 kwa sababu wenzetu walikuwa na kumbukumbu: nani baba, nani mama, mimba ipi haikufika, na vipimo vya jeni vya maelfu ya ng'ombe. Huku kwetu ng'ombe akiharibu mimba, mwenyewe huizika nyuma ya zizi, hulaumu nyasi au jicho la jirani, na habari huishia hapo. Fahali yule yule mwenye kasoro angeweza kuuzwa tena kijijini mwaka unaofuata, wala asiwepo wa kushuhudia.

Tangu mwaka 2009 Marekani imekuwa ikitoa rasmi tathmini ya fahali wa Holstein kwa kusoma jeni zake akiwa bado ndama. Zamani ilibidi kungoja takriban miaka mitano, hadi binti zake wakamuliwe. Ni maendeleo makubwa. Lakini usomaji ule hauna maana bila daftari la maziwa la kuulinganisha nao, na daftari la kule halisemi lolote juu ya kupe wa huku.

Nundu si mzigo

Wazee walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Zebu, Boran na Ankole wamekaa Afrika Mashariki kwa karne nyingi, wakachujwa na jua, kiu na kupe. Ndigana kali husababishwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, kinachoenezwa na kupe, na huua ng'ombe wa kizungu kwa haraka ya kutisha. Miongoni mwa ng'ombe wa kienyeji wapo wanaougua wakapona. Mwaka 2022 watafiti waliochunguza ng'ombe wa Boran walitangaza kwamba wamepata badiliko la urithi, katika jeni waliyoiita FAF1B, linaloambatana na kunusurika na ugonjwa huo. Hazina ya namna hiyo ikipotea haiagizwi kutoka ng'ambo, maana ng'ambo haikuwahi kuwapo.

Nayo inaweza kupotea. Katika nchi ya Ankole nchini Uganda, mifugo mingi ya pembe ndefu imepandishwa kwa Friesian kizazi baada ya kizazi. Hakuna wa kumlaumu mfugaji atafutaye maziwa ya kuuza. Lakini ni vema kuuliza: ni nani atakayewahifadhi ng'ombe asilia wa kutosha, ili mjukuu wa mfugaji huyo awe na mahali pa kurudi?

Najua atakuwepo wa kuniuliza: "Je, wataka tubaki na lita moja ya zebu wakati watoto wana utapiamlo?" Hapana. Uchotara una faida isiyokanika. Mapitio ya tafiti nyingi za nchi za joto, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba chotara wa kizazi cha kwanza, mwenye nusu ya damu ya kizungu, hutoa maziwa mara 2.2 hadi 2.6 ya ng'ombe wa kienyeji, kulingana na hali ya hewa ya mahali. Sehemu ya nguvu hiyo hutokana na kukutana kwa koo mbili zilizo mbali. Wakipandishwa chotara kwa chotara, nguvu hiyo ya uchotara hupungua kwa nusu. Wakipandishwa mfululizo kwa Friesian, hupungua vilevile, na pamoja nayo hupungua uvumilivu wa kupe na njaa. Ndivyo ilivyompata yule mama mjane. Hakushindwa na ng'ombe wa kisasa. Alisukumwa kupita kipimo ambacho malisho yake na josho lake viliweza kukihimili.

Wala njia ya kati si ndoto. Huko Mpwapwa, Tanzania, tangu enzi za ukoloni watafiti walichanganya damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, zebu na Boran wa hapa, na kiasi kidogo cha damu ya Ulaya, hadi wakapata ng'ombe anayeitwa Mpwapwa, wa maziwa na nyama kwa nchi kavu. Kilichokosekana baadaye ni uvumilivu wa kuendeleza kazi hiyo kwa wingi unaotosha.

Tunadai nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Kenya ilianza kujiondoa katika huduma ya uhimilishaji iliyokuwa ikiigharimia, ikawaachia vyama vya ushirika na watu binafsi. Soko huria lilileta mbegu za aina nyingi, na katika maeneo mengi likamwacha mkulima peke yake mbele ya muuzaji. Kwa hiyo nasema haya.

Kwanza, kila mhimilishaji amwachie mfugaji hati yenye jina na namba ya fahali, ukoo wake, tarehe, na namba ya ng'ombe aliyepandishwa. Dawa haiuzwi bila maandishi. Mbegu itakayokaa zizini miaka kumi isiuzwe kwa maneno matupu.

Pili, kumbukumbu za maziwa zikusanywe, na majibu yamrudie mwenye ng'ombe. Tangu mwaka 2016 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), yenye makao makuu Nairobi, imeongoza kazi ya namna hii katika Tanzania na Ethiopia, ikitumia simu za mkononi na vipimo vya jeni kuwatambua fahali wanaofaa mazingira ya mfugaji mdogo. Kazi hiyo isiishie pale fedha za wafadhili zinapokwisha. Ni wajibu wa serikali zetu kuishika, na wajibu wa vyama vyetu vya ushirika kuisimamia.

Tatu, vituo vyetu vya mbegu, kama kile cha Usa River karibu na Arusha na kile cha Kabete karibu na Nairobi, vipewe uwezo wa kukuza fahali ambao binti zao wamepimwa katika mazizi ya wananchi, wala si katika mashamba ya mfano peke yake.

Nne, yahifadhiwe makundi ya ng'ombe asilia, na wafugaji wanaoyatunza walipwe kwa kazi hiyo. Wanatutunzia akiba sisi sote.

Tano, maziwa yalipwe kwa mafuta na usafi wake pamoja na wingi wake.

Sita, anayekata majani na kukamua alfajiri, ambaye mara nyingi ni mwanamke, ndiye afundishwe na ndiye aulizwe kabla ya mbegu kuchaguliwa. Mikutano mingi ya mifugo huwaita waume, kisha maelezo hufia njiani kabla hayajafika zizini.

Ndugu msomaji, unaweza kuanza kabla ya serikali. Nunua daftari la shule. Andika jina la kila ng'ombe, mama yake, baba yake ukimjua, siku aliyopandishwa, siku aliyozaa, na lita za asubuhi na jioni hata kama ni mara moja kwa juma. Mhimilishaji ajapo, mwulize: "Fahali huyu ni nani, na binti zake walikamuliwa wapi?" Asipojua, mwombe arudi akijua. Wafugaji ishirini wa kijiji kimoja wakiuliza swali hilo hilo, muuzaji atatafuta jibu.

Yule mama mjane siku hizi anafuga tena. Ana chotara mmoja wa nusu kwa nusu, mwenye nundu ndogo, na daftari lililofungwa kwa mfuko wa nailoni limening'inizwa kwenye nguzo ya zizi. Katika ukurasa wa kwanza ameandika jina la fahali. Alilazimika kulidai mara tatu kabla ya kupewa.