Dhahabu Hupimwa kwa Maji

Bangili ya mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe, na siku ya haja ndiyo akiba yake. Yafaa basi ajue alichonacho. Bangili mbili zaweza kuwa sawa kwa uzito na kung'aa namna moja, kumbe moja imetiwa shaba. Mizani peke yake haitaifichua. Ni pale uzito unapogawanywa kwa ujazo, yaani nafasi ambayo kitu hukalia, ndipo hupatikana densiti yake.

Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3. Ya fedha ina 10.5, na ya shaba karibu 9. Mwenye kuchanganya akitaka uzito utimie, hana budi kitu chake kiwe kikubwa zaidi.

Ila ujazo wa bangili iliyosokotwa utapimwaje kwa rula? Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazm aliyezaliwa mwaka 973, alitumia chombo chenye umbo la koni kilichojaa maji. Alipotia madini ndani, maji yalitoka kwa mrija, naye akayapima yaliyotoka. Mwaka 1121 al-Khazini aliyaeleza mambo haya kwa urefu katika kitabu chake Mizan al-Hikma.

Nyumbani yatosha mizani ndogo ya betri yenye kusoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pima bangili ikiwa kavu. Tuseme ni gramu 35.4. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Ning'iniza bangili kwa uzi, izame yote bila kugusa chini wala kando, na isiwe na viputo vya hewa. Mizani ikisoma 2.0, ujazo ni sentimita 2, kwa kuwa sentimita moja ya maji ni gramu moja. Gawanya: 17.7, nayo ni desturi ya karati 22. Ikisoma 4, hiyo si dhahabu ya kujivunia.

Sonara mwaminifu hachukizwi na kipimo hiki. Anayechukizwa hunitia shaka.

Bangili yenye vito, au yenye uwazi ndani uliofungika, itadanganya hesabu. Na kwa vipande vya dhahabu safi iko hila ya tungsteni, ambayo densiti yake ni 19.25. Hapo maji hayatoshi. Njia moja ni kukikata kipande na kukitazama ndani.